Maswali ya Wasomaji: Samothraki, Kisiwa cha Mlima na cha Miungu ya Mabaharia

Katika toleo lililopita tulichapisha ramani ya visiwa vya kaskazini mwa Bahari ya Aegean, huko Ugiriki, pamoja na maelezo mafupi ya kila kimoja. Barua nyingi zilizotufikia tangu hapo zinauliza juu ya kisiwa kimoja tu, Samothraki, ambacho tulikipa mistari minne peke yake. Wasomaji wana haki ya kudai zaidi ya hiyo, kwa hiyo safu yote ya toleo hili ni ya kisiwa hicho.

Swali: Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 16 tunasoma kwamba Paulo na wenzake waling'oa nanga Troa, wakafika Samothrake, na siku ya pili wakafika Neapoli. Je, ndicho kisiwa hicho cha ramani yenu? Na kwa nini Paulo hakukaa huko akahubiri?
*Mwalimu, Iringa*

Jibu: Ndicho, Mwalimu. Troa ilikuwa kwenye pwani ya Uturuki ya leo, na Neapoli ni mji ambao sasa unaitwa Kavala, kaskazini mwa Ugiriki. Samothraki iko baina ya pwani hizo mbili, umbali wa kilomita 40 hivi kutoka bara la Thrakia. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 180, na wakazi wake hawafiki 3,000.

Kitabu chenyewe hakielezi sababu ya kutokaa, lakini mistari inayotangulia inasema Paulo aliona katika njozi mtu wa Makedonia akimsihi avuke awasaidie, hivyo safari ilikuwa ya Makedonia na kisiwa kilikuwa mahali pa kulala njiani. Nahodha wa zama hizo alisafiri kwa kuangalia alama za nchi kavu, na katika bahari ile hakuna alama inayoonekana kwa mbali kama mlima Saos, ambao kilele chake, Fengari, kina mita 1,611. Ukiacha Krete na Evia, hakuna kisiwa cha Aegean chenye mlima mrefu kuliko huo. Hata hivyo kisiwa hakikuwa na bandari nzuri ya asili, na Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikitaja kuwa kisiwa kilichokosa bandari kuliko vingine vyote. Meli ilitia nanga pwani, ikangoja kuche, kisha ikaondoka. Tazama pia sura ya 20, ambapo Paulo anarudi kwa njia hiyo hiyo kutoka Filipi hadi Troa: safari iliyochukua siku mbili wakati wa kwenda inamchukua siku tano wakati wa kurudi. Yeyote aliyewahi kungoja upepo ataelewa mara moja kwa nini mabaharia wa huko walihitaji miungu yao wenyewe, na hilo ndilo swali la barua inayofuata.

Swali: Bwana Mhariri, mimi ni mtoto wa nahodha, na baba yangu aliendesha majahazi hadi Ghuba. Nimesikia kwamba mabaharia wa Kigiriki walikwenda kisiwa hicho kuomba salama ya baharini. Miungu hao walikuwa nani, na mtu alifanya nini ili apate ulinzi wao?
*Msomaji, Lamu*

Jibu: Ndugu yangu wa Lamu, swali lako linagusa kiini cha kisiwa hiki, na nitalijibu kwa kirefu kuliko mengine.

Upande wa kaskazini wa kisiwa, mahali paitwapo Paleopoli, kuna magofu ya Patakatifu pa Miungu Wakuu. Majina ya miungu hao hayakutajwa hadharani. Waandishi wa kale waliwahusisha na Kabeiroi, kundi la miungu wa Kigiriki walioabudiwa kwa siri, na walikuwa na mungu mke mkuu ambaye sura yake ilichapwa katika sarafu za kisiwa akiwa ameketi pamoja na simba. Ibada yao ilikuwa ya siri. Mtu aliingizwa kwa hatua mbili, usiku, kwa mwanga wa mienge na taa, na aliyekwisha kuingizwa alikatazwa kusimulia aliyoyaona. Sisi watu wa pwani hatushangai sana, maana jando na unyago navyo vinajulikana na kila mtu, ngoma yake inasikika mtaa mzima, na bado mafunzo ya ndani hayatoki nje. Siri ya Samothraki ilitunzwa vizuri kiasi kwamba mpaka leo wanaakiolojia wanajua majengo, vyombo, taa na pete za walioingizwa, lakini maneno yaliyosemwa gizani hawayajui.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Katika miji mingi ya Kigiriki dini ilikuwa mali ya raia wa mji, na mgeni alisimama pembeni. Hapa waliingizwa wanaume na wanawake, Wagiriki na wasio Wagiriki, waungwana na watumwa, na orodha zilizochongwa kwenye mawe zinaonyesha majina ya watumwa pamoja na ya mabwana. Tena haikulazimu kungoja sikukuu moja ya mwaka, kwa kuwa baharia aliyepita msimu wa kusafiri aliweza kuingizwa akaendelea na safari yake. Diodorus wa Sisilia, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anasema watu waliamini kwamba walioingizwa huwa wachaji zaidi, waadilifu zaidi, na bora kwa kila namna kuliko walivyokuwa kabla.

Ulinzi wa baharini ulikuwa na alama zake. Waandishi wa kale wanataja mshipi wa rangi ya zambarau ambao aliyeingizwa alijifunga kiunoni, na pete za chuma, ambazo baadhi zimefukuliwa na zinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Paleopoli. Mshairi wa Kirumi Lucretius anaeleza jinsi alivyoona chuma cha Samothraki kikirukaruka ndani ya bakuli la shaba pale sumaku ilipopitishwa chini yake. Waliookoka dhoruba walirudi na zawadi za shukrani. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba Diagoras, mtu aliyejulikana kwa kutoamini miungu, alipoonyeshwa picha nyingi za waliookolewa, alijibu kwamba ni kweli, kwa sababu waliozama hawakuchorwa popote. Nalitaja jibu hilo kwa sababu linaonyesha kwamba hata wale waliobishana na ibada ya Samothraki walikwenda huko wakaiona kwa macho yao.

Wafalme pia walikwenda. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema Philip wa Pili wa Makedonia, akiwa bado kijana, alimpenda Olympias walipokuwa wakiingizwa pamoja huko, na mtoto wao ndiye Alexander Mkuu. Baada ya hapo watawala wa Makedonia na wa Misri walishindana kupajenga. Malkia Arsinoe wa Pili alitoa jengo la mviringo lenye kipenyo cha mita 20 hivi, kubwa kuliko majengo yote ya mviringo yaliyoezekwa ya Wagiriki yanayojulikana. Ndugu yake Ptolemy wa Pili wa Misri alijenga lango juu ya korongo, na ningemwomba kila anayefika pale ashuke alitazame kwa karibu: chini ya msingi wake kuna njia yenye dari ya kuba, iliyojengwa kwa mawe yaliyochongwa kwa ustadi, ili kijito kipite chini ya miguu ya mahujaji bila kubomoa kitu. Mahali pote patakatifu pamekatwa na vijito vinavyoteremka kutoka mlimani, na wajenzi waliliheshimu jambo hilo badala ya kulipuuza. Baadaye tetemeko la ardhi lilikihamisha kijito kile, na leo njia ile ya kuba imebaki kavu.

Utakatifu wa kisiwa uliwapa hifadhi hata walioshindwa. Perseus, mfalme wa mwisho wa Makedonia, alikimbilia huko baada ya Warumi kumshinda katika vita vya Pydna mwaka 168 kabla ya Kristo. Warumi hawakumvamia ndani ya patakatifu. Kilichomwangusha ni baharia mmoja kutoka Krete aliyekubali kumtorosha usiku, akapakia fedha zake melini, kisha akang'oa nanga akamwacha mfalme ufukweni.

Ibada zilizimika mwishoni mwa karne ya nne, wakati wafalme Wakristo wa Roma walipopiga marufuku dini za kale. Leo kinachoonekana kwanza ni nguzo tano za jengo liitwalo Hieron, zilizosimamishwa upya mwaka 1956 na wanaakiolojia kutoka Marekani. Chuo Kikuu cha New York kilianza kuchimba hapo mwaka 1938.

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, ninaishi Paris. Kila nikipeleka wageni kwenye jumba la makumbusho la Louvre, tunasimama chini ya sanamu ya mwanamke mwenye mabawa asiye na kichwa, na kibao kinasema inatoka Samothraki. Ilifikaje Ufaransa, na huko kwao ilisimama wapi?
*Msomaji, Paris*

Jibu: Hiyo ni sanamu ya Nike, mungu mke wa ushindi. Iligunduliwa mwezi Aprili 1863 na Charles Champoiseau, aliyekuwa balozi mdogo wa Ufaransa mjini Adrianople, ambao sasa ni Edirne nchini Uturuki. Wakati huo Samothraki ilikuwa chini ya Dola la Uthmaniya, na iliendelea hivyo hadi mwaka 1912. Vipande vilipelekwa Paris, lakini Champoiseau aliyaacha mawe makubwa ya kijivu yaliyokuwa karibu, akidhani ni ya kaburi. Wataalamu wa Austria waliochimba hapo katika miaka ya 1870 ndio waliotambua kwamba mawe yale, yakipangwa vizuri, yanafanya omo, yaani sehemu ya mbele, ya meli. Champoiseau alirudi mwaka 1879 kuyachukua, na hapo ndipo sanamu ilipopata chombo chake cha kusimamia.

Ukipita tena, tazama mambo mawili. Mwili ni wa marumaru nyeupe ya kisiwa cha Paros, wakati meli ni ya mawe ya kijivu ya Rhodes. Na bawa la kulia ni la plasta, lililofinyangwa kwa kufuata lile la kushoto, kwa sababu la asili lilibaki vipande vichache mno. Kiganja cha mkono wa kulia kilipatikana kisiwani mwaka 1950 na kimewekwa katika kabati la kioo jirani na sanamu. Wataalamu wengi wanaiweka kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya pili kabla ya Kristo.

Huko kwao ilisimama juu ya kilima, karibu na ukumbi wa maonyesho, ndani ya pahali palipochimbwa mlimani, ikiwa imegeuzwa kidogo ili mtu aliye chini aione upande wake wa kushoto, ambao mchongaji aliumaliza kwa uangalifu kuliko wa kulia. Nguo iliyolowa na kushikamana na tumbo, mikunjo inayopeperuka nyuma ya mguu, vyote ni upepo wa bahari ile ile waliyoiogopa mahujaji. Louvre imeipa ngazi ya fahari, lakini imeikosesha upepo, bahari na mlima uliokuwa nyuma yake. Kisiwani ipo nakala ya plasta, ndani ya jumba la makumbusho. Kwa maoni yangu sanamu hiyo ingesomeka vizuri zaidi kama ingekuwa nyumbani, nami nasema hivyo nikijua kwamba wanaoiona Paris ni wengi kuliko watakaofika Samothraki karne nzima.

Swali: Mimi ni mwongoza wapanda mlima. Mita 1,611 kwetu ni kama kilima. Je, Fengari ina ugumu wowote? Na hayo maporomoko ya maji mliyoyataja katika toleo lililopita yakoje?
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Usiipime kwa namba hiyo, ndugu yangu. Kwenye Kilimanjaro safari huanzia juu sana kutoka usawa wa bahari, wakati hapa unaanzia karibu na ufuko, katika kijiji cha Therma, na mita hizo zote unazipanda kwa siku moja na kuzishuka siku hiyo hiyo. Mwanzo ni msitu wa mialoni, kisha miti inakwisha na kubaki mawe matupu, na njia juu huko haionekani vizuri. Mawingu hukifunika kilele ghafla hata wakati wa kiangazi, na theluji hubaki hadi majira ya kuchipua. Enda na mwenyeji anayeijua njia, uondoke alfajiri, ubebe maji.

Hali ya hewa ikiwa safi, utaona jambo lililowashangaza wasomaji wa Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kwa karne nyingi. Katika utenzi wake wa Iliad, kitabu cha 13, Poseidon, mungu wa bahari, ameketi juu ya kilele cha Samothraki akitazama vita vya Troya. Ukiangalia ramani utaona kisiwa cha Imbros kiko katikati, kikiziba njia, na utadhani mshairi alikosea. Lakini mlima wa Saos ni mrefu kiasi kwamba aliyesimama katika uwanda wa Troya anauona ukichomoza juu ya Imbros. Mtunzi wa mistari ile, au yeyote aliyempa habari, alikuwa ameiona bahari hiyo kwa macho.

Ama maji, hayo ndiyo yanayowavuta vijana wengi wanaokwenda huko. Theluji na mvua za mlimani hushuka kaskazini kwa makorongo yenye mfululizo wa maporomoko na madimbwi yaliyochimbwa na maji katika mwamba, na kandokando yake kuna miplatano mikubwa inayofunika kijito chote kwa kivuli. Njia ya mto Fonias huanzia ufukoni, kwenye mnara uliojengwa na ukoo wa Gattilusi wa Genoa katika karne ya 15, na dimbwi la kwanza kubwa halifiki mwendo wa saa moja kwa miguu. Juu ya hapo njia huwa hatari, mwamba unateleza, na watu wameumia, hivyo sikushauri uende mbele bila mwongozaji. Kwa mtu mwenye watoto, madimbwi ya Gria Vathra karibu na Therma yanatosha kabisa. Maji ni ya baridi hata mwezi Agosti, na aliyetetemeka ana chemchemi za maji moto pale pale Therma, ambazo wenyeji huoga kwa ajili ya maumivu ya viungo.

Kusini hakuna vijiji vingi, magenge yanaingia moja kwa moja baharini, na maporomoko ya Kremasto huanguka kutoka juu ya genge hadi ndani ya maji ya chumvi. Hayo huonekana kwa mashua tu.

Swali: Sisi wa Kondoa tunakumbuka jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu ardhi ilikuwa imeliwa na makorongo. Nimesoma kwamba Samothraki nayo ina tatizo la mbuzi. Ni kweli?
*Mfugaji mstaafu, Kondoa*

Jibu: Ni kweli, mzee wetu, na naogopa kwamba ni kubwa kuliko wageni wanavyotambua. Mbuzi wengi wa Samothraki hawana mchungaji wa kila siku. Wanazurura mlimani, wanapanda kuta za magofu, wanalala barabarani. Ugiriki ilijiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981, na baadaye ruzuku zilizolipwa kwa kuhesabu vichwa zikamfanya mfugaji aone faida katika wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mifugo ilikadiriwa kufikia takriban 75,000, wengi wao mbuzi, na ingawa makadirio ya baadaye yameshuka hadi kama 50,000, bado ni mingi mno kwa mlima ule.

Dalili yake wewe utaitambua kwa kutazama mara moja. Katika misitu ya mialoni miti mikongwe ipo, ila miche haipo, kwa sababu kila chipukizi huliwa kabla halijafika goti. Mti mkongwe ukianguka, hakuna wa kushika nafasi yake wala mizizi ya kuzuia udongo. Mwezi Septemba 2017 mvua kubwa ilinyesha, na tope na mawe vikateremka hadi Chora, mji mkuu wa kisiwa, vikaharibu jengo la serikali ya mji, nyumba na barabara. Mji huo ulijengwa ndani ya bonde ili maharamia wasiuone kutoka baharini. Hatari ya siku hizi inatoka upande wa pili, mlimani.

Kama ilivyokuwa kwenu, suluhisho ni gumu kwa sababu mbuzi ni riziki ya watu. Nyama yake ndiyo chakula cha sifa cha kisiwa, hasa mwanambuzi wa Pasaka anayejazwa wali na viungo, lakini bei anayopata mfugaji ni ndogo na chakula cha mifugo cha kununua ni ghali. Wafugaji wenyewe, pamoja na watafiti kutoka vyuo vikuu, wamejaribu kupanda malisho bora, kuzungushia uzio maeneo ya msitu ili miche ipumue, na kutafuta soko la kupata bei nzuri kwa mifugo michache. Mimi naona njia hiyo ndiyo ya haki, kwa kuwa haimwondoi mtu katika ardhi ya baba zake, ila lazima iende haraka kuliko inavyokwenda sasa. Wajenzi wa patakatifu walijua kwamba maji ya mlima ule hayana budi kupewa njia, na msitu ndio unaoyapunguzia kasi kabla hayajafika bondeni.

Swali: Ninataka kwenda na mume wangu. Tunafikaje, na tuende mwezi gani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Dada yangu, Ugiriki iko katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo Mtanzania anahitaji viza ya eneo hilo. Anzeni maandalizi mapema kwa kuwasiliana na ubalozi wa Ugiriki ulioko Nairobi. Kisiwa hakina uwanja wa ndege. Mtaruka hadi Athens, kisha Alexandroupoli, na kutoka bandari ya mji huo mtapanda meli hadi Kamariotissa, safari ya zaidi ya saa mbili.

Juni na Septemba ni bora kuliko Agosti, kwa sababu maji bado ni mengi mwezi Juni, na Septemba watu wamepungua wakati bahari ingali na joto. Upepo mkali huweza kuzuia meli kuondoka, na mwezi Agosti 2019 meli iliharibika katikati ya msimu wa likizo, wageni wengi wakakwama kisiwani. Kwa hiyo wekeni angalau siku mbili za akiba baina ya meli ya kurudi na ndege ya nyumbani. Mabasi ni machache, na anayetaka kufika Fonias na ufuko wa Kipos ulioko mwisho wa barabara ya mashariki ni afadhali akodi gari palepale bandarini. Vyumba viko Kamariotissa, Chora na Therma. Kwa kuwa mnataka mlima, maji na magofu kwa pamoja, chagueni Therma, maana magofu ya Paleopoli yako njiani mkitoka bandarini, na njia ya kupanda Fengari inaanzia hapo hapo kijijini.